Kabla ya kumwita mwendawazimu, tuulize kama aliumia kichwa

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro huifikia Kibaha baada ya kilometa zipatazo 40. Pale Maili Moja, kama ilivyo katika kila mji uliokua kando ya barabara kuu, wapo watu ambao hawasubiri gari wala hawauzi chochote. Hulala kwenye vibaraza vya maduka, huokota mabaki ya chakula, huzungumza peke yao, na baadhi yao hukasirika ghafla bila sababu inayoonekana. Atakayeshika njia ya Pugu kwenda Kisarawe atawakuta na huko, pengine wachache zaidi kwa kuwa mji ni mdogo. Majina wanayoitwa, hata hivyo, ni yale yale: kichaa, chizi, teja, mvuta bangi, aliyerogwa.

Ndugu msomaji, majina hayo yana kasoro moja kubwa. Kila moja linatoa hukumu, na hakuna hata moja linalouliza. Makala haya yanaleta swali ambalo madaktari na watafiti wa ustawi wa jamii wamekuwa wakiwauliza watu wasio na makazi katika nchi kadhaa, na ambalo linastahili kuulizwa kwenye vibaraza vya Maili Moja, na zaidi ya hapo, ndani ya nyumba zetu wenyewe. Swali ni hili: mtu huyu aliwahi kuumia kichwa?

Walichokikuta watafiti

Mwaka 2008 watafiti wa mjini Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya mahojiano yao na watu 904 wasio na makazi, wanaume 601 na wanawake 303. Waliwauliza kama katika maisha yao waliwahi kupata pigo la kichwa lililowapotezea fahamu au kuwaacha wamechanganyikiwa. Asilimia 53 walijibu kuwa limewapata. Asilimia 12 walikuwa wamepata jeraha la kati au kubwa, yaani, kwa kipimo cha utafiti ule, walipoteza fahamu kwa zaidi ya nusu saa.

Tarakimu hizo ni nzito, lakini iliyo nzito zaidi ni ile iliyofuata. Miongoni mwa walioumia, asilimia 70 walisema jeraha lao la kwanza liliwapata kabla hawajapoteza makazi. Kwa maneno mengine, wengi wao hawakuumia kwa sababu walikuwa barabarani. Waliumia wakiwa bado watoto wa watu, waume wa watu na wafanyakazi wa watu, kisha wakaishia barabarani.

Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo kutoka mji wa Leeds. Wao waliwalinganisha watu 100 wasio na makazi na watu 100 wenye makazi. Kwa wasio na makazi, asilimia 48 walikuwa na historia ya kuumia ubongo. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 21. Na hapo tena, walio wengi mno, asilimia 90 ya walioumia, walisema pigo la kwanza lilitangulia kukosa makazi. Hatimaye, mwezi Desemba 2019, jarida la The Lancet Public Health lilichapisha mapitio yaliyokusanya tafiti nyingi za aina hiyo kutoka nchi tajiri. Jumla yake ilionyesha kwamba asilimia 53 ya watu wasio na makazi, au wenye makazi ya kubahatisha, waliwahi kuumia ubongo, na asilimia 22 hivi walipata jeraha la kati au kubwa.

Ni lazima tuzisome tafiti hizi kwa uadilifu. Zinategemea kumbukumbu za wanaohojiwa, na kumbukumbu ndicho kitu cha kwanza kinachoharibiwa na jeraha la ubongo. Pia hazisemi kwamba kila anayelala nje aliumia kichwa. Ufukara, kifo cha wazazi, ulevi, madawa ya kulevya na maradhi ya akili yasiyotokana na pigo lolote navyo huwafikisha watu huko. Na maisha ya barabarani yenyewe huleta majeraha mapya: kugongwa na gari usiku, kupigwa, kuanguka. Pamoja na tahadhari hizo, somo linabaki palepale. Kati ya ajali na barabara kuna kipindi, pengine cha miezi, pengine cha miaka, ambacho mgonjwa alikuwa mikononi mwa jamaa zake. Kipindi hicho ndicho makala haya yanachokitazama.

Jeraha lisiloonekana

Mguu uliovunjika kila mtu anauona. Mwenye magongo hupishwa njia na hupewa kiti. Ubongo ulioumia hauonekani. Kidonda cha kichwani hupona, nywele huota tena, mtu hutembea, hula na huitikia salamu, na majirani husema, "Alhamdulillah, amepona." Kumbe kilichopona ni ngozi.

Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayomwezesha binadamu kupanga mambo, kuzuia hasira, kuona aibu, kungoja zamu yake na kupima matokeo ya neno kabla hajalitamka. Kichwa kinapogonga lami, ubongo hutikisika ndani ya fuvu na kujigonga kwenye mifupa ya mbele na ya pembeni. Ndiyo maana sehemu hiyo huumia mara nyingi. Wanafunzi wa udaktari duniani kote hufundishwa kisa cha Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli katika jimbo la Vermont, Marekani, ambaye mwezi Septemba 1848 alipigwa na mtaimbo uliopenya shavuni na kutokea utosini. Hakufa. Aliongea na kutembea siku ile ile. Lakini kwa ushahidi wa daktari wake, mtu aliyesifika kwa utulivu na bidii akawa mwenye matusi na pupa, asiyeweza kushika mpango wowote, hata waajiri wake wakakataa kumrudisha kazini. Aliishi kwa karibu miaka 12 zaidi.

Dalili za jeraha la namna hiyo ni hizi: usahaulifu wa mambo ya jana ilhali ya zamani anayakumbuka, hasira ya ghafla, kuchoka upesi, kutovumilia kelele, usingizi kuvurugika, kuanza kazi na kutoimaliza, matumizi mabaya ya fedha, maneno yasiyo na staha mbele ya watu wa heshima. Wengine huwa kinyume: hukaa kimya, hawana hamu ya kuoga wala ya kufanya lolote, wakaitwa wavivu. Wengine hupata kifafa, wakati mwingine miezi au miaka baada ya ajali, hata watu wa nyumbani wasiunganishe kifafa hicho na siku ile ya kuanguka.

Kwa wazee kuna hatari nyingine inayostahili kutajwa peke yake. Mzee anaweza kujigonga kidogo tu, pengine mlangoni au bafuni, damu ikavuja taratibu chini ya utando wa ubongo kwa majuma kadhaa. Baada ya mwezi anaanza kuchanganyikiwa, kuyumba na kusinzia ovyo, na watu wakasema ni uzee. Hali hiyo hugunduliwa kwa picha ya ubongo, na mara nyingi hutibika kwa upasuaji wa kuitoa damu. Ni wazee wangapi waliopotea njia wakienda msikitini, wakaonekana wameingiwa na wazimu wa uzeeni, kumbe dawa ilikuwepo?

Njia ya kwenda barabarani

Tuchukue mfano wa kijana wa kubuni kutoka vijiji vya Maneromango, wilayani Kisarawe. Anaendesha bodaboda. Usiku mmoja anaanguka, hakuvaa kofia ngumu. Anapoteza fahamu kwa saa kadhaa. Anapelekwa hospitali, pengine ya wilaya, kisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili ambako wapo madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Anaokolewa. Ndugu wamechanga, mama ameuza mbuzi, baba mkubwa amelala kwenye mabenchi ya hospitali. Siku ya kurudi nyumbani inasomwa dua, na kila mtu anaamini kwamba kazi imekwisha.

Mwezi wa pili anarudi kwenye pikipiki, anasahau abiria alimwambia ampeleke wapi. Anagombana na mwenye pikipiki juu ya hesabu ya siku, na pikipiki inachukuliwa. Mwezi wa nne anampiga mdogo wake kwa sababu ya kelele za redio. Mwezi wa sita anamtamkia mkewe maneno mazito mbele ya wakwe, na siku ya pili hakumbuki alichosema. Mke anarudi kwao. Fedha za korosho alizopewa akanunue mabati zimekwisha, naye hajui zimekwendaje. Jamaa wanakaa kikao. Mmoja anasema ni bangi. Mwingine anasema ni majini yaliyompata pale alipoangukia. Wa tatu anasema ameota kiburi tangu aonje maisha ya mjini. Hakuna anayeitaja ajali, kwa kuwa ajali ilikwisha.

Anapelekwa kwa mganga, kisha kwa mwingine. Anafungwa kamba asitoroke. Akifunguliwa, anaondoka. Njia ya kutoka Maneromango inafika Kisarawe, kutoka Kisarawe inafika Pugu, na kutoka Pugu mtu huenda popote. Hakuna siku hata moja ambayo ukoo uliamua kumtupa ndugu yao. Walichoka tu, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu walidhani wanapambana na tabia, kumbe walikuwa na mgonjwa.

Kijana huyo hayupo, lakini hatua zake ndizo zinazojulikana na wahudumu wa ustawi wa jamii popote wanapofanya kazi na watu wa aina hii: kazi hupotea kwanza, kisha ndoa, kisha subira ya ndugu, na mwisho paa.

Kwa nini Kibaha na Kisarawe

Wilaya hizi za Mkoa wa Pwani zina sababu zao za kulijali suala hili. Barabara ya Morogoro inayopita Kibaha, Mlandizi na Chalinze hubeba mabasi ya bara na malori ya mizigo yanayokwenda hadi Zambia, Kongo na Rwanda. Hospitali ya Tumbi, iliyokulia ndani ya Shirika la Elimu Kibaha, kwa miaka mingi imekuwa ikipokea majeruhi wa barabara hiyo. Juu ya mabasi na malori zimekuja bodaboda. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporasimisha pikipiki kubeba abiria kwa malipo, zimekuwa ajira ya maelfu ya vijana na usafiri wa kila siku hata wa mama anayekwenda kujifungua. Zimekuwa pia chanzo kikubwa cha majeraha ya kichwa.

Vijijini kuna sababu nyingine ambayo haiandikwi na polisi wa barabarani. Pwani ni nchi ya minazi na miembe. Mkwezi hupanda mnazi bila kamba, mtoto hupanda mwembe msimu wa maembe, na tawi halina huruma. Kuna vipigo vya majumbani ambavyo huitwa adabu, pigo la kichwani likiwa miongoni mwake. Na kuna vipigo vya wale wanaoitwa na magazeti "wananchi wenye hasira kali". Mtu aliyeumia ubongo akiingia usiku kwenye ua wa watu kwa kupotea njia, akaulizwa jina lake na kwao akashindwa kujibu, huweza kuitwa mwizi kabla hajamaliza kufikiri. Pigo la pili huanguka juu ya ubongo ambao haujapona la kwanza.

Sheria nayo haikuwatazama watu hawa kwa jicho la tiba. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kutoka kwa Waingereza iliwaweka katika fungu la wazururaji na wavivu. Mwaka 1983 Operesheni Nguvu Kazi iliwakusanya jijini Dar es Salaam walioonekana hawana kazi na kuwapeleka mashambani. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni yake ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Hata hivyo, kumwondolea mtu kosa la uzururaji hakumpi pa kulala, wala hakumwambii yeyote kwamba ana jeraha.

Dini yetu na pigo la kichwa

Huenda msomaji akadhani kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. La hasha. Mafakihi wa Kiislamu waliyachambua majeraha ya kichwa kwa makini makubwa katika milango ya diya. Walitenganisha jeraha linalochana ngozi tu, linalofika kwenye mfupa, linalovunja mfupa, linalohamisha mfupa na linalofika kwenye utando wa ubongo, na kila moja wakaliwekea fidia yake. Jeraha lifikalo kwenye utando wa ubongo fidia yake ni theluthi ya diya. Lakini pigo likimwondolea mtu akili yake, fidia ni diya kamili, kana kwamba ameuawa, ingawa yu hai na anatembea. Imepokewa kwamba Khalifa Umar bin Al-Khattab (R.A.) alihukumu diya nne kwa mtu mmoja aliyepigwa kichwani akapoteza usikivu, usemi, akili na uwezo wa unyumba, naye bado yu hai. Wanazuoni wetu, basi, walijua kwamba pigo moja linaweza kumwacha mtu na mwili wake na kumwondolea nafsi aliyokuwa nayo.

Kuna pia tukio alilolisimulia Jabir (R.A.), lililopokewa na Abu Daud. Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe la kichwa. Baadaye akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaioni ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu kwa ukali mkubwa, na akafundisha kwamba asiyejua hutibu ujinga wake kwa kuuliza. Tutazame vizuri: wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa wenzake wa safari, na walitaka atekeleze ibada yake sawasawa. Walichokosa ni kuuliza. Ni mara ngapi na sisi tumemlazimisha mwenye kichwa kilichoumia kubeba asichokiweza, kisha tukamlaumu alipoanguka?

Na kwa wale wanaowaona watu hawa kuwa ni uchafu wa mji, Anas bin Malik (R.A.) amesimulia, katika Sahihi Muslim, habari ya mwanamke wa Madina aliyekuwa na kasoro katika akili yake. Alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba anayo haja kwake. Mtume hakumfukuza wala hakumtuma mtu amsikilize kwa niaba yake. Alimwambia achague njia yoyote ya mji aitakayo, akaenda akasimama naye kando mpaka akamaliza haja yake. Kiongozi wa umma alisimama barabarani na mwanamke ambaye watu wengine wangempita.

Mali ya mgonjwa nayo ina hukumu yake. Sura An-Nisaa, aya ya 5, imekataza kuwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, na papo hapo imeagiza walishwe na wavikwe kutokana nayo na wazungumzwe kwa wema. Kwa hiyo kumzuilia fedha za korosho kijana yule ni halali; kuzila fedha hizo na kumwacha na njaa ni dhuluma.

Suala la talaka ndilo lenye kuumiza familia zaidi. Wanazuoni wamekubaliana kuwa talaka ya asiye na akili haipiti. Lakini mwenye jeraha la ubongo mara nyingi akili yake haikuondoka yote. Ipo leo, kesho haipo. Asiharakishe mtu kufunga mizigo ya mke wala kusema neno limekwisha kutamkwa. Jambo hilo lipelekwe kwa mwenye elimu ya fikihi pamoja na vyeti vya hospitali. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka mabaraza ya usuluhishi wa migogoro ya ndoa. Baraza lielezwe waziwazi kwamba mume aliumia kichwa, lini, na amebadilika vipi tangu hapo. Halikadhalika mke asilazimishwe kuvumilia vipigo kwa jina la ugonjwa. Usalama wake na wa watoto ni wajibu wa ukoo mzima.

La kufanya nyumbani

Kwanza, siku ya kuumia. Anayetapika mara kwa mara, anayelalamika kichwa kinachozidi kuuma, anayesinzia hata haamki vizuri, anayepatwa na degedege, aliyelegea upande mmoja au anayetokwa na majimaji au damu masikioni au puani, apelekwe hospitali mara moja hata kama ni usiku.

Pili, vyeti vyote vihifadhiwe. Karatasi ya hospitali iliyoandikwa leo ndiyo itakayomweleza daktari, kadhi, mwajiri na afisa ustawi wa jamii miaka mitano ijayo kwamba huyu hakuzaliwa hivi.

Tatu, apewe muda na utaratibu. Alale na aamke saa zile zile. Aagizwe jambo moja kwa wakati, si matatu kwa pamoja. Mambo ya siku yaandikwe ukutani au kwenye daftari. Akiwaka hasira, kelele zipunguzwe na mabishano yaahirishwe. Mara nyingi moto huo huzimika wenyewe. Asipande pikipiki wala mnazi mpaka daktari aruhusu. Asikaribie pombe wala bangi, ambazo kwa kichwa kilichoumia ni sumu maradufu. Akiwa na kifafa, vidonge visikatishwe kwa sababu eti amekaa mwezi bila kuanguka.

Nne, kisomo na dua haviyapingi matibabu, wala hospitali haimzuii mtu kusomewa Qur'ani. Lakini minyororo na bakora za kumtoa jini si kisomo. Kumpiga kichwani mtu aliyeumia kichwa ni kumuua kidogo kidogo.

Tano, mlezi naye alelewe. Mara nyingi mzigo wote huachiwa mama au mke. Kaka, wajomba na shangazi wagawane siku. Ukoo unaogawana siku huchelewa kuchoka, na tumeona kwamba kuchoka ndiko kunakowatoa wagonjwa nyumbani.

La kufanya msikitini na mtaani

Halmashauri zetu zina maafisa ustawi wa jamii, na hospitali kubwa zina wao. Wengi wamesomea fani hiyo, baadhi yao katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Hao ndio wanaoweza kumwombea asiyejiweza msamaha wa gharama za matibabu, kutafuta jamaa zake, na kuielekeza familia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inamhusu aliyepungukiwa kwa jeraha la ubongo, kwani ulemavu hauishii kwenye viungo. Na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumfikisha hospitalini asiyeweza kujipeleka.

Kamati ya msikiti inaweza kuanza na jambo dogo. Palipo na mtu anayelala jirani na msikiti, wawili wenye upole wamwendee, si kundi. Wamsalimu, wampe chakula, wamuulize jina lake na kwao ni wapi. Kisha waulize yale yanayoulizwa na watafiti: uliwahi kupata ajali au kupigwa kichwani? Ulizimia? Kwa muda gani? Je, tangu hapo unasahau, kichwa kinauma, unaanguka kifafa? Asipojibu leo, waulize wiki ijayo. Majibu yaandikwe na yafikishwe kwa mtendaji wa mtaa na afisa ustawi wa jamii, si kutangazwa kwenye kipaza sauti. Jina la kijiji likijulikana, simu moja kwa imamu wa huko inaweza kumfikia mama ambaye kwa miaka mingi anaswali akimwombea mwanawe asiyejua alipo.

Wenye uwezo wakumbuke wakfu. Mwaka 1284 Sultani Qalawun wa Misri alijenga jijini Cairo hospitali iliyoendeshwa kwa mali ya wakfu, ikiwapokea matajiri na maskini, na ikiwa na sehemu maalumu ya wagonjwa wa akili. Hatujaombwa kujenga Cairo hapa Kibaha. Nauli ya mgonjwa kwenda kliniki kila mwezi, dawa za kifafa za mwaka mmoja, au chumba kimoja cha kupumzikia wagonjwa wanaotoka Maneromango kwenda Muhimbili, vyote vinaweza kuwa sadaka yenye kuendelea.

Na kuna kinga. Mapitio ya kitabibu ya mwaka 2008 yaliyokusanya tafiti za nchi mbalimbali yalionyesha kwamba kofia ngumu humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi na hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi. Baba anayempa mwanawe mtaji wa bodaboda bila kofia ngumu amempa nusu ya mtaji. Na abiria anayekataa kofia kwa kuchelea kuharibu mtindo wa nywele au kuchafua kilemba apime kipi ni ghali zaidi.

Ndugu zangu, Ijumaa hii katika hotuba tutasikia tena haki za jirani na za jamaa. Aliye kando ya barabara ni jirani wa kila anayepita, na ni jamaa wa mtu fulani ambaye pengine alichoka kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mwanawe ni mgonjwa. Tusingoje mpaka wetu naye afike Maili Moja. Kama ndani ya nyumba yupo aliyebadilika tabia baada ya kuanguka, kugongwa au kupigwa, tukae naye leo, tuhesabu miezi tangu siku ile, tuchukue vyeti vyake, twende naye hospitali.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowalea, na atujaalie kuwa wepesi wa kuuliza na wazito wa kuhukumu. Wabillahi tawfiq.